Sisimizi wa Mnazi wa Swaumu

Cornel alifika Kibuta Jumatano asubuhi akipiga mluzi, baiskeli ya serikali ikilia kwii-kwii chini yake, na mawazo yake yote yakiwa kwenye muhogo wa nazi ambao Mama Swaumu hakuacha kumwekea. Alipoingia uwanjani kwa Kitwana, mluzi ukamkatikia mdomoni.

Chini ya mnazi palikuwa pametandikwa jamvi, na jua lilishapanda. Juu ya jamvi alilala Swaumu, binti wa miaka sita, amefunikwa kanga mbili na bado anatetemeka. Jamvi lenyewe lilizungushiwa duara la majivu, nene kama mkono wa mtu mzima. Nje ya duara alichuchumaa baba yake, Kitwana, mkwezi wa minazi ambaye hakuogopa kimo wala nyoka wa juu ya makuti. Alishika kuti linalofuka moshi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akikagua ardhi shubiri kwa shubiri. Akimwona sisimizi mmoja tu, anamchoma.

"Hodi hapa kwa watumwa wangu!" Cornel aliita, kama alivyoita siku zote. "Vipi leo, mnamkausha mtoto kama papa?"

Hakuna aliyecheka.

Sasa hilo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Babu yake Cornel alitoka Unyamwezi na pembe za ndovu kichwani, akafika Kibaha, akatua mzigo, akasema miguu imekwisha, na ukoo wote ukabaki hapohapo kando ya njia. Na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani. Atakutukana mbele ya wakwe zako, atakamata kuku wako aende naye, na wewe utacheka, maana ukinuna aibu ni yako. Kitwana hasa alikuwa hodari wa kujibu. Juzi tu alimwambia Cornel kwamba suruali yake fupi ya khaki imeshonwa kwa bendera iliyomshinda Gavana. Leo aliinua macho tu, akayarudisha chini.

"Umekuja, Mnyamwezi," alisema. "Vizuri. Tunafanya kama ulivyotuambia."

"Nilivyowaambia nini?"

Kitwana alionyesha jamvi, majivu, na mnazi. Ndipo Cornel akakumbuka.

Mambo yenyewe yalianza Jumatatu. Mwaka ule minazi ya Kisarawe ilikuwa inapukutisha vidaka, zile nazi changa, kama mtu anayekohoa meno, na Mzungu wa idara ya kilimo aliandika swali moja kwenye karatasi: sisimizi wanaojenga mizizini mwa minazi ni adui au ni rafiki? Akampa Cornel daftari, chupa ishirini za kutia wadudu, na baiskeli. Jibu hakumpa, kwa sababu naye hakuwa nalo. Kazi ya Cornel ilikuwa kupita shamba hadi shamba, kuinama kwenye shina, kutazama kama kuna wale sisimizi wadogo wa rangi ya kahawia, kuandika, kuinuka, na kushika kiuno.

Jumatatu hiyo aliinama kwenye mnazi wa uwanjani kwa Kitwana akakuta mji mzima. Sisimizi walitoka kwenye mizizi kama mtama unaomwagika kutoka guniani, na udongo waliouchimbua ulirundikana kuzunguka shina.

"Hawa wana ubaya gani?" Kitwana alimwuliza. "Maana mnazi huu tangu Idi hauna raha. Kila siku vidaka viwili, vitatu, chini."

Hapo ndipo pa kusema sijui. Lakini Cornel alikuwa na miaka ishirini na moja, amesoma hadi sekondari, amevaa soksi ndefu, na watu saba walikuwa wamesimama wanamtazama mdomo. Neno "sijui" lilimkwama.

"Hapa chini mmezika nini?" aliuliza.

"Kitovu cha Swaumu," alijibu Bi Mwanaamina, mama yake Kitwana, aliyekizika kwa mkono wake siku mche ulipopandwa. "Huu ni mnazi wake."

"Basi wamekiona!" Cornel akapiga kofi paja. "Wazaramo nyie, mnazika nyama halafu mnawauliza sisimizi wanatafuta nini? Wakikimaliza hicho watamfuata mwenyewe. Na msithubutu kumtoa hapa. Akivuka mto tu, wanapanga mstari nyuma yake mpaka wamfikie. Mlazeni papa hapa chini ya mnazi wake, mpaka wamzoee!"

Watu walicheka, Kitwana akacheka mpaka akajifuta machozi. Cornel akapanda baiskeli yake akaenda zake, na kwa furaha ya kuchekwa vizuri akasahau kabisa alichosema.

Jioni ile Swaumu akaanza homa.

"Kitwana, ndugu yangu," Cornel alisema sasa, akiitupa baiskeli chini, "ule ulikuwa utani."

"Najua ulikuwa utani."

"Basi mbona...?"

"Mtani ndiye asemaye yale ambayo wengine wanaona haya kuyasema," Kitwana alijibu. "Ulisema saa tisa. Magharibi mtoto akashikwa. Ningesubiri nini tena?"

Cornel alivuka duara la majivu akapiga magoti. Aliweka mkono kwenye paji la uso la mtoto akauondoa upesi, kama aliyegusa kigae cha kukaangia karanga. Midomo ya Swaumu ilikuwa imebabuka. Macho yalikuwa nusu wazi, lakini hayakumtazama mtu.

"Swaumu. Mke wangu. Umeninyima muhogo leo?"

Siku nyingine angemjibu kwamba hawezi kuolewa na mtu anayenuka sisimizi. Leo alitoa sauti ndogo tu, kama mlango unaofungwa mbali.

Cornel aliijua sauti hiyo. Mdogo wake, Laurentia, aliitoa kule Kibaha miaka tisa nyuma, siku ya tatu ya homa, na siku ya nne hakutoa sauti yoyote. Akatazama jua. Hii nayo ilikuwa siku ya tatu.

"Huyu anatakiwa dispensari. Kisarawe. Sasa hivi."

"Atavuka mto," Kitwana alisema.

"Na avuke!"

"Ulisema asivuke."

"Nilisema uongo!"

"Na sasa unasema nini? Nitajuaje ni lipi la utani na ni lipi si la utani? Mdomo ni ule ule."

Mdomo wa Cornel ulikuwa ule ule kweli. Tangu aanze kuja Kibuta hakuwahi kuwaambia neno moja lisilo na mzaha. Aliwaambia malkia mpya wa Uingereza amemposa; wakacheka. Aliwaambia chupa zake ni za kupeleka sisimizi Ulaya wakasome, wakacheka. Sasa alikuwa na neno moja la kweli, la kuokoa mtu, na alilitoa katika mfuko ule ule uliojaa vichekesho. Nani angelipokea?

Pu!

Kidaka kilianguka kutoka juu, kikatua hatua mbili kutoka kichwani kwa mtoto. Wote wakaruka. Swaumu akatetemeka mwili mzima.

"Umeona?" Kitwana alinong'ona. Mtu aliyekwea minazi ya futi themanini alikuwa ananong'ona kama anayejificha chini ya kitanda. "Kila kinapoanguka, anatetemeka. Wanamvuta kutoka chini."

Na Cornel, aliyesoma hadi sekondari, alihisi nywele za shingoni zikimsimama. Alijua anatetemeka kwa homa. Alijua. Lakini alitazama vile sisimizi walivyokuwa wakipita ukingoni mwa majivu, wengi, kimya, wakitafuta mlango, akajikuta anavuta miguu yake ndani.

Kwa hofu ileile akainuka. Kama maneno yake hayana thamani, basi atafute kitu kisicho na mdomo. Akaokota kidaka kilichoanguka, akachukua daftari, akaingia shambani mbio.

Shamba la Kitwana lilikuwa na minazi arobaini na mitatu. Jumatatu alikagua mashina tu, kwa sababu aliambiwa akague mashina. Sasa alitazama chini kisha juu, chini kisha juu, mpaka shingo ikauma. Mnazi wenye sisimizi mizizini: juu vikonyo vitupu, vidaka vimetapakaa ardhini. Mwingine wenye sisimizi: vivyo hivyo. Kisha akafika kwenye minazi mitano ya upande wa bondeni, inayogusana makuti na mkorosho. Mizizini hapakuwa na sisimizi hata mmoja. Juu palining'inia madafu yamebanana, na kati ya makuti palikuwa na viota vya majani yaliyoshonwa. Majimoto, wale sisimizi wakali wa juu ya miti, walikuwa wakipanda na kushuka, wekundu, wamenyanyua vichwa. Mmoja alimdondokea shingoni, akamng'ata kwa ari ya askari anayelipwa vizuri.

Cornel alikitazama kidaka mkononi mwake. Kilikuwa na vidonda vyeusi vinavyotoa utomvu, na vidonda vyote vilikuwa kwenye kidaka chenyewe, juu kule, si chini kwenye mizizi. Kitu chenye mdomo wa sindano kilikifyonza huko juu. Mahali penye majimoto, kitu hicho hakikuthubutu kufika.

Alirudi uwanjani akitweta.

"Kitwana, mnazi huu ulikuwa na majimoto?"

"Ulikuwa nao. Wasumbufu kupita kiasi. Kabla ya Idi nilipanda na mwenge nikawachoma wote. Ukwee mnazi wa mwanao huku unaliwa makwapa?"

"Na sisimizi hawa walikuja lini?"

"Baada ya Idi."

"Basi sikiliza!" Cornel akamweka kidaka mbele ya pua. "Tazama kidonda. Kiko juu. Hawa wa mizizini hawagusi kitu! Hawali mnazi, hawali..."

"Walikuwapo hata enzi za baba yangu," Bi Mwanaamina alidakia. Alikuwa kizingitini tangu asubuhi, tasbihi mkononi. "Walilegeza udongo, na palipo na sisimizi tulijua pana unyevu tukapanda. Hawakuwa na neno. Lakini wakati huo hakukuwa na mtu aliyewafundisha njia ya kitovu."

Alimtazama Cornel. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyolitazama shimo.

"Shikamoo, bibi," Cornel alisema, kwa kuwa alikumbuka kwamba hajamsalimu.

"Marahaba. Ulilolifanya, ulifute."

"Ndilo ninalotaka! Niruhusuni nimpeleke!"

"Kufuta si kumtoa," Kitwana alisema. "Unanitania tena, mtani."

Hapo Cornel akalia. Ni aibu kusimulia, lakini alilia, kamasi na yote, pamoja na soksi zake ndefu. Na jirani aliyekuwa anapita na ndoo akacheka, akasema Mnyamwezi leo ana kichekesho kipya.

Ndipo Swaumu akakaza mgongo.

Mwili wake mdogo ulijikunja kama upinde. Macho yakageuka weupe mtupu. Meno yakasagana, na mguu mmoja ukapiga jamvi, ta, ta, ta, ukiyarusha majivu. Mama yake, Mwanamvua, alitoka jikoni akikimbia, mikono imejaa unga. Alipiga magoti akamshika kichwa. Bi Mwanaamina akaita jina la Mungu. Kitwana akaanza kuchoma ardhi huku na huku, kuti linaruka cheche, analia, "Wapi? Wamepita wapi? Wapi?"

Ilidumu muda ambao Cornel asingeweza kuupima hata kwa saa. Kisha mtoto akalegea. Alikuwa anapumua, lakini pumzi zilikuwa fupi, kama za kifaranga.

"Degedege," Bi Mwanaamina alisema polepole. "Sasa ndiyo haguswi kwa sindano, itamwua."

Cornel hakuwa na mpango. Watu baadaye walimsifu kwa akili, na yeye aliwaacha wasifu, lakini ukweli ni kwamba hofu ilimsukuma kama mtu anavyosukumwa mtoni. Alikanyaga majivu, akamnyanyua Swaumu pamoja na kanga zake, akamkumbatia kifuani, akapaza sauti iliyopasuka katikati:

"Nimeteka!"

Kila mtu akamgeukia.

"Mimi Mnyamwezi, mtani wenu, nimeteka! Wengine huteka kuku, mimi nimeteka mtoto. Ni wangu huyu! Mkimtaka, njooni mmkomboe Kisarawe, dispensari, na msije mikono mitupu!"

Kitwana alisimama. Kuti lilimponyoka. Mkono wake ulikwenda ukutani ulipoegemezwa panga lake la kazi, ukalishika. Cornel aliuona mkono ule, mishipa yake, na makovu ya maganda ya minazi, akazidi kumkumbatia mtoto. Mtani akiteka, huruhusiwi kumgusa. Hivyo ndivyo ilivyo tangu zamani. Lakini tangu zamani watu waliteka kuku, mbuzi, sufuria ya pilau. Nani aliwahi kuteka mtoto mgonjwa mikononi mwa baba yake? Kanuni inafika mpaka wapi? Hakuna aliyekuwa ameipima.

"Mweke chini," Kitwana alisema.

"Mkomboe."

"Nimesema mweke chini, Cornel."

Alimwita kwa jina. Tangu wajuane hakuwahi kumwita kwa jina, na hilo lilimwogofya kuliko panga.

Mwanamvua ndiye aliyejongea. Alijifuta unga kwenye kanga, akaiokota baiskeli, akaisimamisha. "Mtani ameteka," alisema, sauti yake ikitetemeka lakini kila mtu akaisikia. "Hatukasiriki. Na mtoto akitekwa, mama yake ndiyo kamba iliyomfunga, naye amechukuliwa." Akapanda nyuma, kwenye kibebeo, akanyoosha mikono ampokee mwanawe. Alipompakata alimnong'oneza Cornel, "Siku tatu nimemngoja mtu mwenye ruhusa ya kukosa adabu. Kanyaga!"

Cornel akakanyaga.

Njia ya kutoka Kibuta ilikuwa mchanga mtupu. Gurudumu lilizama, likainuka, likazama. Baiskeli ilibeba watu watatu na ikalalamika kwa kila mmoja wao. Nyuma yake Cornel alisikia pumzi za Swaumu, fupi, fupi, na kati ya pumzi na pumzi alisubiri kama kuna nyingine.

"Kweli wanamla?" Mwanamvua aliuliza mgongoni kwake.

"Hapana, Mama Swaumu. Naapa."

"Usiape. Wewe kanyaga."

Walipofika kwenye mikorosho ya mwisho Cornel akageuka. Kitwana alikuwa anakuja. Alikuwa anakimbia katikati ya njia, kifua wazi, panga mkono mmoja, kitu kikubwa begani, na mdomo wake ulikuwa unapiga kelele ambazo upepo uliziiba. Mkwezi ana miguu. Na mchanga unaomeza gurudumu haumezi unyayo.

"Anakuja," Cornel alisema.

"Najua."

"Ana panga."

"Najua. Tazama mbele!"

Walifika mtoni. Maji yalikuwa ya magotini tu, lakini Cornel alisimama ukingoni kama aliyefika baharini. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemsubiri pale. Akivuka mto tu. Alijiona mjinga, akajiona muuaji, akajiona tena mjinga. Kisha akaingia, akisukuma baiskeli, na Mwanamvua akavuka na mtoto begani. Walipotoka ng'ambo wote wawili, bila kuambiana, walitazama nyuma yao ardhini. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyayo zao tu, zikijaa maji.

Baada ya mto, mlima. Na mlimani ndipo Kitwana alipowakamata.

Cornel alisikia nyayo, alisikia kutweta, akasikia chuma kikigonga jiwe. Hakuwa na nguvu ya kupanda tena wala mahali pa kukimbilia. Alisimama mbele ya Mwanamvua na mtoto, akafumba macho, akaanza Salamu Maria akaisahau katikati.

Hakupigwa.

Alisikia sauti nyingine: fyaaa, kama mchele unaomwagwa. Akafumbua jicho moja. Kitwana alikuwa ameshusha begani kapu kubwa, panga amelitupa, na kwa mikono miwili alikuwa anachota majivu akiyamwaga kuikata njia, ukingo hadi ukingo, nyuma ya gurudumu. Nyuma yake, tangu mtoni, kila baada ya hatua hamsini, palikuwa na mstari mweupe kama huo. Panga lilikuwa la kufyekea nyasi, sisimizi wasipite pembeni.

"Nendeni," alisema, machozi yamechora mifereji katika majivu ya uso wake. "Nendeni! Nimewafungia. Mie nabaki nyuma nawazuia."

Cornel alitaka kumwambia kwamba hakuna wa kuzuiwa. Alimtazama usoni, akayameza maneno. Akakamata usukani.

Dispensarini, dresa, yaani mhudumu wa sindano na vidonda, aliyeitwa Bartolomeo, alimpokea mtoto bila maneno mengi. Alifunua kope, akabonyeza tumbo, akavuta dawa kwenye sindano. "Homa imempanda kichwani," alisema. "Mngelala naye leo..." Hakuimalizia. Cornel akatoka nje, akaenda nyuma ya jengo, akatapika chai ya asubuhi yote.

Saa saba. Saa nane. Kitwana alikuwa ameketi barazani, kapu tupu kati ya miguu, mwili mzima wa kijivu, na wagonjwa wengine wamemwachia benchi yeye na Cornel tu. Ndani Mwanamvua alikuwa anamlowesha mtoto maji. Dresa alipita mara mbili, na mara zote mbili walipomtazama alisema, "Tungoje."

Kitwana alifungua kamba ya kukwelea aliyojifunga kiunoni, kamba nzuri ya makumbi, nyeusi kwa jasho la miaka, akaiweka mapajani kwa Cornel.

"Nini hiki?"

"Kikombozi. Ulisema nisije mikono mitupu. Nimemkomboa mwanangu, utani wa leo umekwisha." Alimgeukia. "Sasa nakuuliza kama mtu na mtu. Wale sisimizi ni wabaya au ni wazuri?"

Cornel alitamani swali jingine lolote. Uongo mtamu ulikuwa tayari ulimini, wa kumliwaza baba wa watu. Na kweli ilikuwa na miba, maana ilimchoma yule anayeuliza.

"Hawali mnazi," alisema. "Hawali kitovu. Kitovu kilishakuwa udongo siku nyingi, Kitwana, kimekuwa mnazi wenyewe. Bi Mwanaamina hakukosea, wanalegeza ardhi, na kwenye muhogo pengine ni wema tupu, sijui." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo Kisarawe nzima, na halikumwua. "Lakini penye mnazi, wao na majimoto ni maadui. Wakishika mizizi, majimoto hawawezi kushuka wala kupanda. Na majimoto ndio wanaomfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka."

Kitwana aliligeuza kapu tupu juu chini.

"Na majimoto niliwachoma mimi."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyewafungulia hawa mlango."

"Wa mnazi. Wa mtoto, hapana. Homa ya mtoto ni mbu."

"Mbu?"

"Mbu."

"Mbu tu?" Kitwana aliuliza tena, na usoni pake palikuwa na kitu kama kuvunjika moyo. Alikuwa amepigana siku tatu na jeshi zima. "Wale wa dimbwi la nyuma ya nyumba?"

"Hao hao."

Mkwezi akashika kichwa. Kisha, kwa sauti ya chini, "Majimoto hurudi?"

"Ile minazi ya bondeni imejaa. Funga kamba juu kwa juu, kutoka mnazi hadi mnazi, wapite hewani wasikanyage chini. Huku mizizini uwahangaishe hawa wadogo kwa majivu. Pengine watarudi. Sijui hakika."

"Kwa hiyo nipande mwenyewe, nikawakaribishe mwenyewe, waje waning'ate makwapa?"

"Ndiyo."

Mlango ukafunguka. Mwanamvua alisimama pale, kanga imelowa hadi kifuani. Walisimama wote wawili kwa pamoja, na Cornel akaona kwamba Kitwana amemshika mkono, kwa nguvu za kuvunja mfupa.

"Anatoka jasho," Mwanamvua alisema. "Ameomba maji. Amekunywa. Amelala."

Waliingia. Swaumu alikuwa amejikunja kitandani, nywele zimemganda kwenye paji la uso, mdomo wazi kidogo. Dresa alisema bado. Usiku huu na kesho, ndipo atakaposema neno. Lakini alisema hivyo akiwa anaosha mikono, kama mtu mwenye nafasi ya kuosha mikono.

Kitwana alimtazama mwanawe mpaka akashiba. Kisha akamtazama Cornel kuanzia soksi, zilizotota tope, hadi juu.

"Mnyamwezi," alisema, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba isiyofunguliwa siku nyingi, "mbona magoti yanagongana? Au babu yako alikuachia mzigo ukautue Kisarawe?"

Ulikuwa utani mzuri, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni kwa Cornel, tamu, lenye chumvi yake. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akainama kwanza kitandani, akaweka sikio karibu na mdomo wa mtoto, akasikiliza pumzi moja ikiingia na kutoka, na ya pili, na ya tatu.